Mazabodi ya Kuvushia

Siku yangu ya kwanza kazini sikushikishwa hata bisibisi. Nilifika Kanyenye, Tabora mjini, asubuhi, nimevaa sketi ya kanisani, cheti changu cha ufundi wa redio kimo kwenye bahasha, nikamkuta Fundi Mkuu amekaa mlangoni pa karakana na kikombe cha kahawa. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba.

"Wewe ndiye binti aliyetoka kijijini Lusu?"

"Ndiye mimi, fundi."

"Kaa pale pembeni. Leo kazi yako ni kusikiliza tu. Ukigusa kitu, unarudi Nzega."

Nilivimba kwa hasira. Mimi nina hasira za karibu, na uzee haujanipunguzia hata kidogo. Lakini nilikaa. Akaja mama mmoja mwenye duka la uchapaji, kijana wa mkokoteni amembebea kompyuta yake. Nikategemea Fundi Mkuu amuulize mashine inaumwa nini. Hakuuliza hivyo. Alimvutia kiti, akamuuliza, "Asubuhi ukiiwasha, unafanya nini kwanza?" Yule mama akaanza kueleza: anafungua barua za wateja, halafu anafungua kadi za harusi, halafu kuna programu ya kukata picha aliyowekewa na shemeji yake ambaye sasa yuko Kigoma. Alieleza mpaka kahawa ya mzee ikapoa. Hapo ndipo Fundi Mkuu akachukua bisibisi.

Vijana wa leo mtacheka. Ninyi mteja hajamaliza kusema "haiwaki" mmeshapiga windo. Kwa wasiojua lugha yetu ya mezani, kupiga windo ni kufuta kila kilichomo ndani ya kompyuta na kuiwekea mfumo upya, mashine inarudi kwa mwenyewe nyeupe, haimjui wala haimkumbuki. Ni kazi rahisi. Mtu anaweza kuipiga huku anakula mihogo. Kwa Fundi Mkuu lilikuwa tusi. Akimsikia fundi wa jirani anasema "nimempigia windo", alikuwa anatema mate nje ya mlango, kisha anaomba radhi kwa kutema.

Alikuwa mtu wa mjini, wa zile familia za Kiislamu zilizokaa Tabora tangu enzi za misafara, na mimi Mnyamwezi Mkristo wa Nzega, kwa hiyo utani ulikuwa kila siku. "Monika," alikuwa ananiambia, "babu zangu walifunga mizigo, babu zako wakaibeba mpaka pwani. Walikuwa wanafungua njiani waone kuna nini?"

"Hawakufungua, fundi. Walikuwa na heshima kuliko babu zako waliopunja mizani."

Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Haya basi, beba na wewe. Mzigo wa mtu ufike ulivyofungwa."

Sasa nieleze kazi yenyewe. Ndani ya kompyuta kuna ubao mkubwa ambao vitu vyote vimechomekwa juu yake; sisi tuliuita mazabodi. Hadidiski ndiyo ghala, humo mnakaa windo, yaani mfumo unaoiendesha mashine, na mali zote za mtu. Radi za Tabora mnazijua. Mvua za kwanza zikianza, umeme ukipanda na kushuka, mazabodi ndizo zilizokuwa zinakufa. Unafungua boksi unakuta kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunzia umeme, zimevimba vichwa na nyingine zimetapika. Ghala ni zima, mali ni nzima, lakini nyumba imeanguka. Kazi ni kuhamishia ghala kwenye nyumba nyingine bila kumwaga kitu.

Tatizo ni kwamba windo ya zamani ilikuwa na mazoea kama bibi harusi. Ilizoea mazabodi yake, na draiva zake, yaani vile viprogramu vinavyoiwezesha kuongea na kila chombo kilichomo. Ukichukua hadidiski ukaichomeka kwenye mazabodi ya ukoo mwingine, windo inatafuta mlango wa ghala pale ilipozoea, haiuoni, inatupa skrini ya bluu. Dawa yake ni kuziondoa draiva za zamani kabla ya kuhama, hasa ya hadidiski, na kuweka ile ya kawaida inayoelewana na kila ukoo. Halafu unazima kabisa, unahama, unaingia kwenye bayosi, ule ukurasa wa mipangilio unaotangulia windo, kuhakikisha hadidiski inasomwa kwa mtindo uleule wa mwanzo, ndipo unawasha.

Mtauliza: utaziondoaje draiva kama mazabodi imeshakufa na mashine haiwaki? Ndipo inapokuja mazabodi ya kuvushia. Fundi Mkuu alikuwa nayo moja, imefungwa kwenye kitambaa cha flana, ya ukoo uliokuwa umejaa Tabora wakati ule kwa sababu mashine nyingi za misaada zilikuja na ubao wa aina hiyo. Tuliichomeka kwa muda, windo inaamka ikidhani iko kwake, tunaiandaa kwa safari, kisha tunaihamishia kwenye mazabodi mpya ya ukoo wowote. Ile ya kuvushia inarudi kwenye flana. Haikuuzwa, haikuazimwa. Maofisi, zahanati, maduka, wengi walivuka juu yake na hawakujua.

Na kulikuwa na desturi moja hapo katikati. Mashine ikishafungwa juu ya mazabodi ya kuvushia, kabla hatujagusa draiva, anaitwa mwenyewe. Anavutiwa kiti mbele ya meza, sisi tunarudi nyuma, yeye ndiye anayebonyeza kitufe cha kuwashia, anakagua mali yake, anasema ipo au haipo. Hakuna fundi kutia mkono mpaka mwenye mali aseme. Niliipenda desturi hiyo kuliko zote.

Mwalimu Kulwa aliletwa na dereva wa shule siku ambayo mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari pale mjini, mtu wa Kigwa, na hakuwa anaona tangu utoto. Aliishika kona ya kompyuta yake hata baada ya kuwekwa mezani. Nikamsalimia kwa kwetu, "Mwangaluka, mwalimu," akafurahi, akaitika, tukaulizana habari za nyumbani mpaka Fundi Mkuu akaguna kwamba karakana yake imetekwa na Wanyamwezi.

Akaulizwa swali letu. Asubuhi ukiiwasha, unafanya nini kwanza?

"Naisikiliza," akasema. "Ina programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Wanafunzi wangu wanachapa insha, yenyewe inanisomea, nasahihisha. Mitihani natunga mwenyewe, nachapa mwenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa naomba mtu anisomee, na kila aliyenisomea alikuwa na haraka."

Programu hiyo alipewa na wafadhili ambao walikuwa wameshafunga ofisi na kuondoka. Ilikuwa na kufuli: ilihesabu vyombo vya mashine, na ikiona vimebadilika, au ikifutwa na kuwekwa upya, inasema sikujui, inataka ruhusa upya. Ruhusa zilikuja chache. Mafundi wawili watatu wa mjini walikuwa wameshampigia windo huko nyuma kwa vijisababu visivyo na kichwa wala miguu, na kila windo ikala ruhusa yake.

"Imebaki moja," mwalimu akatuambia. "Ndiyo maana sikwenda kwao tena. Nimeambiwa ninyi hampigi windo. Mkuu wa Shule ameniambia kama mashine haitarudi, nitapangiwa kazi nyingine. Basi nawaomba."

Tukaelewana vizuri kabisa. Ruhusa ile moja itumike kwenye mazabodi mpya, mwisho wa safari. Mazabodi mpya ilikuwa imeagizwa Dar, ikaja na treni. Fundi Mkuu akatoa ya kuvushia kwenye flana, nikaifunga mimi mwenyewe, nikachomeka waya moja baada ya nyingine. Mwalimu akavutiwa kiti. Tukarudi nyuma.

"Mwalimu, mashine ni yako," Fundi Mkuu akasema. "Washa, utuambie mali yako ipo."

Akapapasa, akakipata kitufe, akabonyeza. Feni ikazunguka. Windo ikaamka bila hata kukwaruza. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya meza nashikilia waya wa spika uliokuwa unalegea, na jamani, ile sauti ilipotoka, sauti ya kizungu, kavu, kama ya mtangazaji mwenye mafua, mwalimu aliweka viganja viwili usoni. "Ipo," akasema. "Ipo!" Fundi Mkuu akapiga makofi. Hata mimi huko chini nilipiga kelele.

Sauti haikunyamaza. Ikaendelea kusema kwamba imeona vyombo vimebadilika, je, unataka kuruhusu mashine hii? Nilisikia. Nikainua kichwa, nikajigonga kwenye ubao wa meza, nikafungua mdomo kusema "bado, mwalimu". Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye enta. Aliibonyeza kwa furaha, kama mtu anavyomwitikia mgeni hodi.

Sauti ikamshukuru. Ikasema hakuna ruhusa iliyobaki.

Mwalimu ndiye aliyeelewa wa kwanza. "Nimejibu mapema," akasema. "Eti, fundi? Hapa bado hatujavuka."

Mimi nilidhani jawabu liko wazi. Nikasema, "Fundi, basi tumwachie hii hii. Ruhusa imekaa humu, na ibaki humu. Ile mpya tubaki nayo sisi."

Fundi Mkuu alikuwa anaifuta miwani yake. Aliifuta mpaka nikataka kumpokonya.

"Haiwezekani, Monika."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Kesho kutwa inakuja mashine ya zahanati, wameshanipigia. Nyuma yake zipo nyingine, mvua ndiyo kwanza zimeanza. Ukoo huu hautengenezwi tena, nimeutafuta Mwanza, nimeutafuta Dar. Nikimpa mmoja, hao wengine nitawavushia nini? Nitawapigia windo?"

"Lakini huyu yuko hapa, fundi! Amekaa kwenye kiti chako!"

"Usinipandishie sauti mbele ya mgeni."

Mwalimu Kulwa akanyoosha mkono hewani, akatafuta upande nilipo. "Mwache, binti. Ana haki. Na sitaki kugombaniwa."

Nikaziondoa draiva. Nikaihamisha mashine kwenye mazabodi mpya. Kazi ilikwenda safi, hakuna skrini ya bluu, hakuna barua wala insha iliyopotea, windo ni ileile, kila kitu kipo mahali pake. Kama ungeniuliza kiufundi, sijawahi kuhamisha mashine vizuri kuliko siku ile. Ila programu yake ya kusoma, kwa kukosa ruhusa, ikawa inaongea dakika arobaini, inanyamaza, mpaka uzime mashine na kuiwasha upya. Tuliwaandikia watengenezaji, wakajibu kwa adabu kwamba mali ile ni ya wafadhili na wao ndio waombe. Wafadhili hawakuwapo tena.

Mwalimu akafanya mzaha, "Imekuwa mwalimu kamili. Ikimaliza kipindi inapumzika."

Aliivumilia. Aliipima kwa saa yake ya kupapasa, akawa anaizima kabla haijakatika. Lakini mtu akizama kwenye kazi hakumbuki saa. Alikuwa anachapa mtihani wa muhula, sauti ikakata, naye akadhani imetulia tu, vidole vikaendelea. Sehemu nzima ya mwisho ikatoka herufi juu ya herufi. Karatasi zikadurufiwa bila mtu kuzipitia, zikagawiwa ukumbini. Wanafunzi walicheka. Wanafunzi wake mwenyewe, waliompenda, walicheka. Mkuu wa Shule akamwita ofisini na kumwambia apumzike kwanza na mitihani. Baadaye akaambiwa apumzike na madarasa. Mwalimu wa historia akawekwa kwenye chumba cha mapokezi, awe anapokea simu.

Haya yote niliyasikia nikiwa nimeshaondoka Kanyenye. Nilipata ajira katika halmashauri moja, chini ya Afisa Tehama, kijana msomi, mtu mwema tu, lakini tulikuwa tunaongea lugha mbili. Kwake mashine ikifa inafutwa kwenye orodha ya vifaa na inaagizwa nyingine. "Mama Monika, muda ni ghali," alikuwa ananiambia kila nikitaka kufungua boksi. Kwenye ofisi ile nilipiga windo nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya kaburi la Fundi Mkuu. Halafu zikaja laptopu ambazo mazabodi imeganda na kila kitu, hadidiski yenyewe imefungwa kwa ufunguo uliofichwa ndani ya ubao. Ubao ukifa, ufunguo umekufa nao, usipokuwa umeuhifadhi mahali pengine. Nikaona ujuzi wangu wote umekuwa hadithi ya kusimulia, kama hivi ninavyowasimulia.

Na kuna jambo lililonichoma zaidi. Kwenye semina moja Dodoma nilimkuta kijana anayetumia programu ya kusoma kwa sauti, ya bure kabisa, haina kufuli wala ruhusa. Nikamuuliza ilianza lini. Nilipopiga hesabu, nikaona ilikuwapo tayari wakati mwalimu anahangaika na dakika zake arobaini. Haikuwa imetufikia tu. Tulikuwa mafundi hodari wa mji mzima, tunajua kuvusha windo, na hatukujua hilo. Nilitoka nje ya ukumbi nikakaa kwenye ngazi.

Fundi Mkuu alipougua nilikwenda kumwona. Alikuwa amekonda, amelala sebuleni, wajukuu wanapita na kurudi. Tuliongea utani wetu kidogo, ukaisha. Akasema mwenyewe, bila mimi kumuuliza, "Unajua ile mazabodi? Baada ya zahanati haikuvusha nyingine."

"Hata moja?"

"Hata moja. Mashine za ukoo ule zikaisha mjini. Watu wakanunua mpya. Niliikalia bure, Monika. Ningempa."

Nilikuwa nimengoja miaka mingi kusikia neno hilo, nikijiahidi kwamba nikilisikia nitamjibu kitu kikali. Nilipolisikia nilimfunika shuka tu, maana lilikuwa limemteleza miguuni.

Nilipostaafu, safari yangu ya kwanza ilikuwa Kigwa. Niliteremka kituoni, nikauliza kwa Mwalimu Kulwa, kila mtu anapajua. Nilimkuta uani anachambua karanga, simu iko magotini inamsomea taarifa ya habari kwa Kiswahili. Aliniambia jina langu kabla sijamaliza kubisha hodi. Mkewe akaleta maji, akaleta kiti, akatuacha.

Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi.

"Radhi ya nini?"

"Ya siku ile, mwalimu. Ningekuonya mapema. Tungekwambia ukisikia swali usijibu, ungekuwa na kazi yako mpaka leo."

Akaizima simu.

"Monika, mimi nikienda benki, karani ananishika kidole gumba, anakigandamiza kwenye wino mwenyewe, ananifutia mwenyewe. Kwenye kura kuna mtu wa kunishikia mkono. Shuleni hata kengele hawakuniacha nigonge. Kwenu nilivutiwa kiti, mkarudi nyuma wote, nikaambiwa mashine ni yako, washa. Sijawahi kuambiwa hivyo kabla ya hapo wala baada. Enta ile niliibonyeza mimi. Nilikosea, lakini nilikosea kwa mkono wangu. Usije hapa ukaninyang'anya."

"Lakini ilikugharimu kazi."

"Nani kakataa? Ilinigharimu, na nimelia sana. Wewe ndiye umechelewa kulia, mimi nilishamaliza."

Akacheka. Mimi sikuweza. Akanisukumia sahani ya karanga, akaniuliza Lusu mwaka huu wamevuna vipi, nikamjibu nusu nusu.

Watu wananiambia kazi iliyokwisha imekwisha, mama, pumzika. Sijui wanapumzikaje wao. Siku ile ni ya mwalimu, nami nimemwachia. Lakini ningerudishwa kwenye meza ile mara moja tu, ningetoka chini ya meza upesi na kuweka mkono wangu juu ya wake kabla hajabonyeza, na najua asingenisamehe.